Dawa Ileile, Mwili Uleule? Tiba ya Thairoksini na Mgogoro wa Levothyrox nchini Ufaransa, 1891–2022

Utangulizi

Mwishoni mwa Machi 2017 wagonjwa wa tezi dundumio nchini Ufaransa walianza kupokea katika famasi zao kidonge kipya chini ya jina la zamani. Jina la biashara, Levothyrox, lilibaki vilevile. Kiasi cha homoni kilichoandikwa kwenye kasha kwa mikrogramu nacho kilibaki vilevile, na mtengenezaji alikuwa yuleyule, kampuni ya Merck yenye makao yake Darmstadt, Ujerumani. Kilichobadilika ni viambata visaidizi, yaani vitu ambavyo havitibu chochote bali hukishikilia kidonge na kuihifadhi homoni iliyomo: laktosi iliondolewa, na mahali pake pakawekwa manitoli na asidi ya sitriki. Wagonjwa wapatao milioni 3 walitegemea dawa hiyo, ambayo wakati huo ilikaribia kuwa ya pekee ya aina yake katika soko la nchi hiyo. Hadi mwisho wa Novemba mwaka huohuo mamlaka ya dawa ilikuwa imepokea zaidi ya ripoti 17,000 za madhara. Waraka wa kudai kurudishwa kwa kidonge cha zamani ulikuwa umepata saini zaidi ya 300,000, na kidonge hicho cha zamani kilikuwa kikiagizwa kutoka Ujerumani kwa utaratibu wa dharura.

Kisa hiki kimesimuliwa kwa namna mbili zinazopingana. Kwa baadhi ya waandishi, ni kisa cha hofu iliyosambazwa na vyombo vya habari, ambapo watu waliugua kwa kutarajia kuugua. Kwa wengine, ni kashfa ya kampuni iliyouza dawa mbovu. Makala haya hayafuati mojawapo ya simulizi hizo, kwa kuwa zote mbili zinaliruka swali ambalo ni la kihistoria: ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kutamka kwamba dawa mbili ni dawa moja, na alitumia kipimo gani? Hoja inayotetewa ni kwamba tangu mwaka 1891 kipimo hicho kimehama mara mbili. Kilitoka kwenye mwili na simulizi ya mgonjwa, kikaenda kwenye damu yake iliyopimwa maabarani, kisha kikaenda kwenye wastani wa miili ya watu wengine, tena watu wasio wagonjwa. Kila mhamo ulikuwa na sababu ya msingi. Hata hivyo, kila mhamo uliupunguzia ushahidi wa mgonjwa uzito wake, na mwaka 2017 uzito huo ulidaiwa kwa mara moja.

Istilahi zinahitaji maelezo mafupi. Tezi dundumio ni tezi ndogo yenye umbo la kipepeo iliyoko mbele ya koo, nayo hutoa homoni zinazoongoza kasi ya shughuli za mwili: joto, mapigo ya moyo, mmeng'enyo wa chakula, usingizi. Kiswahili cha kila siku kimelipa jina la wazi tatizo linaloonekana kwa macho, rovu, yaani uvimbe wa shingo uliozoeleka zamani katika maeneo ya milimani yenye upungufu wa madini joto, zikiwemo Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Upungufu wa homoni usioambatana na uvimbe haukupata jina la namna hiyo. Jambo hili si la Kiswahili peke yake. Ugonjwa usio na alama ya nje humtaka mgonjwa awashawishi wengine kwamba anaumwa, na sehemu kubwa ya historia inayofuata ni historia ya ushawishi huo.

Mgonjwa akiwa kipimo

Maarifa ya awali kuhusu upungufu wa homoni ya tezi yalitokana na kuwasikiliza wagonjwa baada ya kwenda zao nyumbani. Theodor Kocher, daktari wa upasuaji wa Bern, Uswisi, nchi iliyokuwa na rovu nyingi kwa sababu udongo wa Alpi una madini joto machache, alikuwa fundi hodari wa kuondoa tezi. Wagonjwa wake walipona vidonda na kuruhusiwa. Kwa vigezo vya chumba cha upasuaji, kazi ilikuwa imekwisha. Baada ya mwenzake wa Geneva, Jacques-Louis Reverdin, kumdokezea kwamba watu walioondolewa tezi yote walikuwa wakidhoofika, Kocher aliwaita wagonjwa wake warudi wachunguzwe. Mwaka 1883 aliwaeleza madaktari wenzake alichokikuta. Wengi wa walioondolewa tezi nzima walikuwa wamevimba nyuso, wamepoa miili, wamekuwa wazito wa kusema na kufikiri, na watoto miongoni mwao walikuwa wamedumaa. Kocher alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hii. Ni haki kukumbuka kwamba ugunduzi wake mzito zaidi ulitokana na kuuliza habari za watu ambao hospitali ilikwisha kuwahesabu kuwa wamepona.

Nchini Uingereza hali kama hiyo ilikuwa imeelezwa na William Gull mwaka 1873 kwa wanawake watu wazima ambao hawakufanyiwa upasuaji wowote, na William Ord akaipa jina la miksidema mwaka 1878. Mwaka 1891 George Redmayne Murray, daktari kijana wa Newcastle, alimdunga mwanamke wa miaka 46 maji yaliyotengenezwa kutokana na tezi za kondoo. Uvimbe ulipungua, maneno yakamtoka kwa wepesi zaidi, na ngozi ikaanza kutoa jasho. Mwaka uliofuata madaktari wa Uingereza na Denmark walionyesha kwamba sindano haikuwa lazima, kwani tezi iliyoliwa ilifanya kazi ileile. Mgonjwa wa Murray aliishi hadi mwaka 1919. Katika taarifa aliyoichapisha mwaka 1920, Murray alikadiria kwamba mwanamke huyo alikuwa ametumia tezi za kondoo zaidi ya 870.

Taarifa hiyo inastahili kusomwa kama hati ya historia ya kipimo. Kwa takriban miaka 28 hapakuwa na namna ya kupima homoni katika damu, wala kondoo wawili hawakuwa na tezi zenye nguvu sawa. Dozi ilirekebishwa kwa kutazama mapigo ya moyo, joto la mwili, uzito na uso wa mgonjwa, pamoja na kumwuliza anajisikiaje. Dawa ilibadilika kila ilipotengenezwa, naye mwanamke huyo ndiye aliyekuwa kipimo cha kila mabadiliko. Utaratibu huo haukuwa salama. Dozi iliyozidi iliweza kuuchosha moyo na hata kuua, na si kila mgonjwa alipata daktari mwenye subira. Lakini ndani ya utaratibu huo usemi "dawa hii si kama ile ya mwezi uliopita" ulikuwa taarifa ya kitabibu, tena iliyosubiriwa.

Kutoka tezi ya mnyama hadi mikrogramu

Edward Kendall aliitenga thairoksini katika Kliniki ya Mayo, Rochester, Minnesota, siku ya Krismasi ya mwaka 1914. Charles Harington alieleza muundo wake mwaka 1926, na mwaka uliofuata akaiunda maabarani pamoja na George Barger. Pamoja na hayo, dawa iliyotawala kwa miongo kadhaa iliyofuata ilikuwa unga wa tezi kavu za wanyama. Unga huo ulisanifishwa kwa kiasi cha iodini iliyomo, kipimo ambacho hakikusema kwa hakika kuna homoni kiasi gani inayofanya kazi. Chumvi ya sodiamu ya thairoksini iliyoundwa viwandani, ambayo leo huitwa levothairoksini, iliingia sokoni mwaka 1949. Hatimaye ikawezekana kusema mgonjwa anameza nini hasa, kwa tarakimu.

Mabadiliko mawili ya baadaye yaliugeuza usafi huo wa kikemia kuwa mamlaka. La kwanza ni ugunduzi uliochapishwa mwaka 1970 na Braverman, Ingbar na Sterling, kwamba mwili wa binadamu asiye na tezi huigeuza thairoksini kuwa homoni ya pili, triayodothaironini, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi. Kwa hiyo kidonge chenye homoni moja kilionekana kutosha, na unga wa tezi ukaanza kusukumwa pembeni. La pili ni kipimo cha damu cha TSH, homoni inayotolewa na tezi ya pituitari ili kuiamrisha tezi dundumio. Thairoksini ikipungua, TSH hupanda. Ikizidi, TSH hushuka. Vipimo hivyo vilipoenea vilionyesha kwamba dozi za kawaida za wakati huo, mikrogramu 200 hadi 400 kwa siku, zilikuwa kubwa mno kwa wagonjwa wengi. Dozi zilishushwa hadi kati ya mikrogramu 100 na 150.

Kushushwa huko kulikuwa kwa faida ya wagonjwa: ziada ya homoni huidhoofisha mifupa na huweza kuvuruga mdundo wa moyo, hasa kwa wazee. Lakini ndipo palipozaliwa aina mpya ya mazungumzo katika chumba cha daktari. Mgonjwa aliyesema kwamba dozi ya zamani ilimfaa zaidi alijibiwa kwa karatasi ya maabara. Kwa mara ya kwanza ilikuwa na maana ya kitabibu kumwambia mtu anayelalamika kwamba yuko sawa.

Karatasi hiyo, hata hivyo, haikusema mambo yote iliyodhaniwa kuyasema. Kiwango cha kawaida cha TSH hupatikana kwa kuwapima watu wengi na kuchukua eneo ambamo wengi wao wamo. Mwaka 2002 Andersen na wenzake nchini Denmark waliwapima wanaume 16 wenye afya kila mwezi kwa mwaka mzima. Walikuta kwamba kila mmoja alikuwa na eneo lake dogo, lenye upana wa takriban nusu ya eneo la kundi zima. Kwa maneno mengine, mtu anaweza kuhama kutoka mahali alipozoea mwili wake, akafika mahali pengine kabisa, na bado karatasi ikaandika kwamba ni kawaida. Wanaume 16 ni wachache, na matokeo hayo hayathibitishi kwamba kila mlalamikaji ana sababu ya kikemia. Yanaondoa tu uwezo wa kutamka kwamba hana.

Kuishi kwa utaratibu wa kidonge

Ili kuelewa kwa nini badiliko la viambata visaidizi liliweza kuitikisa nchi, inafaa kutazama maisha yaliyojengwa kukizunguka kidonge hiki. Levothairoksini humezwa kila siku, kwa wengi hadi mwisho wa maisha. Humezwa tumbo likiwa tupu, kwa kawaida asubuhi, nusu saa au saa moja kabla ya kula. Kahawa huweza kupunguza ufyonzwaji wake. Vidonge vya chuma na vya kalsiamu hutenganishwa nacho kwa saa kadhaa. Nusu ya homoni iliyomo mwilini hutoweka katika muda wa takriban siku 7, na kwa sababu hiyo athari ya dozi mpya haijulikani kesho wala wiki ijayo. Daktari hubadilisha dozi kwa hatua ndogo, mikrogramu 12.5 au 25, kisha humwambia mgonjwa arudi kupimwa baada ya wiki 6 hadi 8.

Maana yake ni kwamba mgonjwa aliyepata dozi inayomfaa mara nyingi ameipata baada ya miezi mingi, pengine miaka, ya kujaribu na kusubiri. Katika kusubiri huko hujifunza kuusoma mwili wake: baridi isiyo na sababu, nywele zinazobaki kwenye kitana, moyo unaokwenda mbio usiku, uchovu unaofanana na wa mtu mvivu. Dalili hizi zina ubaya wa kuweza kutokana na mambo mengine mengi. Nchini Ufaransa, kama kwingineko, wengi wa wagonjwa hawa ni wanawake, na mwanamke wa makamo anayelalamikia uchovu na kukosa usingizi ana majibu kadhaa yanayomsubiri kabla hajamaliza kusema: umri, kukoma kwa hedhi, mawazo. Utulivu wa dozi kwake si jambo la kikemia tu. Ni mahali alipofika kwa taabu.

Usawa kama suala la soko

Wazo kwamba levothairoksini mbili zinaweza kutofautiana lilikuwa na historia kabla ya 2017, na historia hiyo ina kinaya. Mwaka 1987 nchini Marekani kampuni ya Boots, iliyomiliki jina la Synthroid, ilimfadhili Betty Dong wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ailinganishe dawa hiyo na washindani wake wa bei nafuu. Matokeo ya mwaka 1990 yalionyesha kwamba dawa nne zilizopimwa kwa wagonjwa 22 zilikuwa na ulinganifu. Kampuni ilipinga mbinu za utafiti huo. Makala ya Dong, iliyokuwa imekubaliwa na jarida la chama cha madaktari wa Marekani, iliondolewa Januari 1995 muda mfupi kabla ya kuchapishwa, kwa sababu mkataba ulimtaka mtafiti apate idhini ya mfadhili. Ilichapishwa Aprili 1997. Kwa hiyo huko Marekani mwenye jina kubwa ndiye aliyeshikilia kwamba vidonge havilingani, kwa kuwa tofauti ilimlindia soko. Miaka 20 baadaye nchini Ufaransa, kampuni nyingine yenye jina kubwa ilishikilia kwamba vidonge vinalingana. Haifai kutoa shutuma kutokana na hilo peke yake; inatosha kuona kwamba usawa wa dawa haujawahi kuwa suala la maabara tupu.

Mwaka huohuo wa 1997 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliitangaza levothairoksini ya kumeza kuwa dawa mpya inayohitaji kuombewa kibali, ingawa ilikuwa imetumika kwa karibu nusu karne. Sababu ilikuwa kuyumba kwa nguvu yake. Kati ya 1991 na 1997 vidonge zaidi ya milioni 100 vilikuwa vimerudishwa kutoka sokoni katika matukio yasiyopungua 10. Kidonge kiliweza kuondoka kiwandani na kiasi sahihi, kisha kikapoteza homoni rafuni. Mwaka 2007 FDA iliamuru kwamba nguvu ya kidonge ibaki kati ya asilimia 95 na 105 ya kilichoandikwa, hadi siku ya mwisho ya matumizi. Amri hii ndiyo mzazi wa mbali wa kidonge kipya cha Ufaransa.

Kabla ya Ufaransa, New Zealand ilitoa onyo ambalo lilisomwa upande mmoja tu. Mwaka 2007 utengenezaji wa Eltroxin, dawa pekee ya levothairoksini iliyogharimiwa na serikali huko, ulihamishwa kutoka Canada kwenda Ujerumani. Viambata visaidizi vilibadilika, na kidonge cha njano kikawa cheupe. Kwa mujibu wa Faasse, Cundy na Petrie (2009), katika miaka 30 iliyotangulia mamlaka ilikuwa imepokea ripoti 14 za madhara ya dawa hiyo. Katika miezi 18 iliyofuata zilipokelewa zaidi ya 1,400. Watafiti hao walionyesha kwamba ripoti ziliongezeka pale magazeti na televisheni ziliposhughulikia habari hiyo, na waliliona tukio hilo kuwa hofu ya kiafya kuliko tatizo la dawa. Uchambuzi wao wa mwenendo wa ripoti ni wa nguvu. Lakini idadi ya ripoti 14 katika miaka 30 nayo inahitaji maelezo, kwani ni vigumu kuamini kwamba ndiyo idadi ya watu waliowahi kutaabika na dozi zao. Ripoti hupima mambo mawili kwa pamoja, taabu na fursa ya kuisema, na takwimu haziwezi kuyatenganisha zenyewe.

Ufaransa, 2012–2022

Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Ufaransa iliitaka Merck ihakikishe kwamba Levothyrox inabaki ndani ya mipaka myembamba ya nguvu hadi mwisho wa muda wake. Kwa nia, basi, badiliko hilo lilikusudiwa kumlinda mgonjwa dhidi ya kuyumba kwa dozi. Mwaka huo una uzito wa pekee. Ndio mwaka ambao mamlaka ya zamani, AFSSAPS, ilivunjwa na ANSM kuanzishwa, kufuatia kashfa ya Mediator, dawa ya kampuni ya Servier iliyoondolewa sokoni mwishoni mwa 2009 baada ya kubainika kwamba inadhuru vali za moyo. Ni mwaka ambao pia Mahakama ya Kasesheni ilifunga shauri la wagonjwa wa tezi waliodai kwamba serikali iliwaficha hatari ya wingu la Chernobyl la mwaka 1986. Shauri hilo lilikuwa limefunguliwa mwaka 2001, na chama cha wagonjwa wa tezi, AFMT, kilikuwa miongoni mwa walalamikaji. Wagonjwa wa tezi wa Ufaransa hawakuufikia mwaka 2017 wakiwa hawana kumbukumbu. Walikuwa na chama na mawakili, tena walikuwa na sababu ya kutoamini taarifa za kutuliza.

Uthibitisho kwamba kidonge kipya ni sawa na cha zamani ulitokana na jaribio la watu 204 waliojitolea, wote wakiwa na afya njema. Kila mmoja alipewa mikrogramu 600 za kidonge kimoja kwa mara moja na, baada ya muda, kiasi hichohicho cha kingine, kisha homoni ikapimwa katika damu. Wastani wa uwiano kati ya vidonge viwili, pamoja na ukingo wake wa makosa, ulipaswa kubaki kati ya asilimia 90 na 111. Ulibaki humo bila shida, na kwa sheria zilizokuwepo jaribio lilikuwa la kuridhisha, hata kupita kawaida kwa idadi ya washiriki. Watu wenye tezi nzima walitumika kwa sababu kanuni ziliruhusu. Hakuna mgonjwa aliyeulizwa jambo lolote, kwa kuwa swali lililokuwa mezani halikumhusu: lilihusu kidonge.

Mwaka 2019 Concordet, mtakwimu, na wenzake walizipitia upya takwimu za jaribio hilo. Walieleza kwamba kwa zaidi ya nusu ya washiriki, mmoja mmoja, uwiano ulikuwa nje ya mipaka hiyo. Jambo hili linaeleweka bila hesabu ngumu. Mtu mmoja akifyonza robo zaidi na jirani yake robo pungufu, wastani wa wawili hao haubadiliki, lakini wote wawili wamebadilishiwa dozi. Wapinzani wao walijibu kwamba mtu mmoja akimeza kidonge kilekile siku mbili tofauti naye hutoa vipimo tofauti, na kwamba jaribio halikuundwa kutenganisha tofauti za kidonge na tofauti za siku. Jibu hilo ni sahihi kimbinu. Lakini upande wa pili wa jibu hilo haukutiliwa mkazo wa kutosha: kama jaribio haliwezi kusema lolote kuhusu mtu mmoja mmoja, basi halikuweza pia kutumiwa kumwambia mtu mmoja aliyelalamika kwamba kwake yeye dawa ni ileile.

Mwaka huohuo watafiti wa umma walichapisha ulinganisho wa kumbukumbu za bima ya afya za watu zaidi ya milioni 2. Hawakukuta ongezeko la vifo wala la kulazwa hospitalini lililohusishwa na kidonge kipya. Walikuta ongezeko la ziara kwa madaktari, hasa kuanzia Agosti hadi Oktoba 2017. Matokeo hayo yanaifunga njia ya wanaosema kwamba kidonge kilikuwa sumu. Hayaifungi njia ya wanaosema kwamba kiliwavuruga. Uchovu, maumivu ya kichwa na ya misuli, kizunguzungu, kukosa usingizi na kupukutika nywele, ambazo ndizo dalili zilizojaza ripoti, haziui mtu na mara nyingi hazimlazi kitandani mwa hospitali. Hospitali ni mahali pabaya pa kuzitafuta.

Kuhusu namna wagonjwa walivyojulishwa, hakuna ubishani mkubwa. Barua zilitumwa kwa madaktari na wafamasia. Wagonjwa wengi waligundua wenyewe, au waligunduliwa na dalili kwanza. Katika majira ya joto ya 2017 mwigizaji Anny Duperey, ambaye naye alitumia dawa hiyo, alimwandikia barua ya wazi Waziri wa Afya, Agnès Buzyn, na jambo lililokuwa likisemwa kwenye vyumba vya kusubiria likawa la taifa. Simu ya bure iliwekwa Agosti. Tangu Oktoba Euthyrox, yaani kidonge cha Merck chenye mchanganyiko wa zamani, iliagizwa kutoka Ujerumani, na aina nyingine za levothairoksini zikafuata, hivyo hali ya kuwepo dawa moja ikaisha katika wiki chache. Kamati iliyoteuliwa na wizara ilitoa mapendekezo juu ya kuwafahamisha wagonjwa Septemba 2018.

Mahakama zilichukua muda mrefu zaidi, lakini ndizo zilizolifikia kwa ukaribu swali la makala haya. Machi 2019 mahakama ya Lyon ilikataa madai ya wagonjwa zaidi ya 3,000. Tarehe 25 Juni 2020 Mahakama ya Rufani ya Lyon ilibadilisha uamuzi huo na kuzitaka kampuni za Merck kumlipa kila mdai euro 1,000 kwa madhara ya kimaadili, na tarehe 16 Machi 2022 Mahakama ya Kasesheni ikaithibitisha hukumu hiyo. Majaji hawakusema kwamba kidonge kilikuwa na kasoro. Walichoona kuwa kosa ni kwamba kasha na karatasi ya maelezo havikueleza kuwa mchanganyiko ulikuwa umebadilika. Mgonjwa asiyejua kwamba kidonge kimebadilika huanza kutafuta sababu ndani yake mwenyewe, au hubadilishiwa dozi kwa sababu isiyo ya kweli, au huacha kusema. Kwa hukumu hiyo sheria ilitambua kwamba mtu anayeusoma mwili wake ananyimwa kitu halisi pale anaponyimwa tarehe ambayo dawa ilibadilika, hata kama wastani wa watu 204 haukutetereka.

Upande wa jinai ulikuwa bado haujamalizika. Oktoba 2022 tawi la Merck nchini Ufaransa liliwekwa chini ya uchunguzi rasmi kwa tuhuma ya udanganyifu, na Desemba mwaka huohuo ANSM yenyewe ikafuata. Zote mbili zilikana kosa. Uagizaji wa Euthyrox, ulioruhusiwa kama hatua ya mpito, ulikuwa umeongezewa muda mara kadhaa.